Shemeji ndiye fundi wangu, na laptopu ya dukani inaniangusha

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nina steshenari ndogo karibu na chuo. Nachapa barua, natoa kopi, naprinti, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika nawajazia wanafunzi fomu mtandaoni. Msimu huo ndio unaonilipia kodi ya fremu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Kazi yote hiyo naifanya kwa laptopu moja, Dell Latitude E5450, prosesa (ubongo wake) i5, ram (kumbukumbu ya kazi) GB 4, hadi diski (ya kutunzia faili) GB 500, Windows 10. Niliinunua ya mtumba kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ana kibanda cha kuuza na kutengeneza kompyuta mjini. Mwanzo ilifanya kazi vizuri kabisa, katika hilo sina neno naye.

Siku hizi nikiiwasha asubuhi nafagia, napanga karatasi, nakunywa chai, ndipo inakubali kufungua Word. Mwanafunzi anakaa kwenye benchi na vyeti vyake, tunafika katikati ya fomu, inaganda, ikirudi ukurasa unasema muda umekwisha, tunaanza upya. Wengine wananiaga kwa adabu kwamba watarudi, kisha nawaona wanaingia fremu ya jirani.

Shemeji ameshaipiga Windows upya. Inakuwa nyepesi kwa muda, halafu inarudi kulekule. Mwisho akaniambia, "Shem, hii imezeeka, tusidanganyane. Ongeza hela nikupe nyingine." Anayo HP ya mtumba, i5 kizazi cha 6, ram GB 8, hadi diski GB 500, bei shilingi 650,000. Yangu ataichukua kwa 150,000, nimalizie 500,000. Sina hela hiyo. Naweza kukopa kwenye kikoba chetu, lakini mkopo wa printa bado sijaumaliza na ada ya mtoto inakuja.

Kijana mmoja anayesoma mambo ya kompyuta, ni mteja wangu, aliniambia nisinunue. Anasema nitoe hadi diski niweke SSD, diski ya kisasa yenye kasi, na kuongeza ram, itakuwa kama mpya. Kwa bei alizoniulizia, SSD ya GB 256 ni 80,000 na ram ya GB 4 ni 35,000. Nilimwambia mume wangu kwamba nataka kumpa huyo kijana aifungue. Akakasirika. Akasema namdharau ndugu yake, na kwamba mtoto wa watu akiiharibu nitamlaumu nani. Nikamuuliza shemeji mwenyewe kuhusu SSD, akasema kwa mashine hii ni kutupa hela, akabadilisha mazungumzo.

Tangu siku hiyo nina wazo ambalo naona vibaya hata kuliandika: kwamba anajua siwezi kwenda kwa fundi mwingine, ndiyo maana ananisukuma ninunue. Lakini huyu ndiye aliyenipa laptopu nikamlipa kidogo kidogo wakati nafungua duka, hakuna mwingine aliyeniamini namna hiyo.

Nimalizie na mengine ili usione nimekuficha. Inachemka chini, nimeikalisha juu ya kitambaa kinene nilichokikunja. Chaja yake ya kwanza iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, nikanunua nyingine ya bei nafuu barabarani. Tangu hapo nikiiwasha inaleta maandishi ya Kiingereza kwenye skrini nyeusi, shemeji akanionyesha kubonyeza F1 ili iendelee. Betri haichaji, umeme ukikatika inazima palepale. Na majuzi nimeanza kusikia mlio ndani yake, tak, tak, kisha inanyamaza. Ndani kuna kazi za wateja: vyeti, vitambulisho vya NIDA, wasifu, ripoti za wanafunzi.

Nikope ninunue? Nimpe yule kijana? Au nivumilie mpaka msimu upite?

Mama Steshenari, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitakujibu kwa urefu, lakini kuna jambo moja lisiloweza kusubiri urefu huo. Ni ule mlio. Hadi diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, na kichwa chembamba kinachoelea juu yake bila kuzigusa. Inapoanza kugonga tak, tak, mara nyingi kichwa kimeshindwa kusoma kinachokitafuta, kinarudi nyuma kuanza tena. Diski ya namna hiyo inaweza kuendelea miezi, inaweza pia kufa kesho mchana ukiwa na wateja watano kwenye benchi. Kwa hiyo kabla hujaongea na mume, shemeji au kikoba, hamisha kazi za watu. Zinakili kwenye diski ya nje au kwenye flashi mbili, moja ikae dukani na nyingine nyumbani. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15, na kwa barua na ripoti hiyo ni nafasi kubwa. Ukihofia bando, anza na kazi ambazo wenyewe hawana nakala nyingine. Na mpaka umemaliza, mtu yeyote asiipige Windows tena juu ya diski hiyo. Katika jambo hili sina mashaka hata kidogo. Mengine yote tutayajadili taratibu.

Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo mawili yaliyoshikana mpaka yakaonekana moja. Laptopu hii bado ina uhai, au imekwisha? Na nani anaweza kuigusa bila mtu nyumbani kuumia? Jibu la swali la kwanza umekuwa ukilitafuta kwa kupima nani mkweli kati ya shemeji na yule kijana. Ningependa tuiulize mashine yenyewe kwanza. Inajibu, na majibu yake hayamvunjii mtu heshima.

Chaja umeitaja mwishoni, kama jambo la pembeni. Mimi hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika barua yako. Chaja za Dell za aina hiyo zina sindano nyembamba katikati ya kichwa. Kazi yake si kupitisha umeme wa kuchaji. Inaitambulisha chaja kwa kompyuta, kwamba hii ni ya wati 65 au 90. Kompyuta isipopata utambulisho huo, iwe kwa sababu chaja si yake, waya mwembamba wa ndani umekatika, au tundu la kuchomekea limelegea, inaleta yale maandishi unayoyaruka kwa F1. Yasome mpaka mwisho safari hii. Yanakuambia kwamba chaja haikutambulika, kwamba betri huenda isichaji, na kwamba kompyuta itafanya kazi polepole. Inajipunguza mwendo yenyewe, kwa makusudi, isije ikavuta umeme mwingi kuliko chaja inavyoweza kutoa.

Unaona yanavyoungana? Betri uliyodhani imekufa inawezekana haijafa. Na prosesa uliyoambiwa imezeeka inawezekana imefungwa breki tangu siku ile uliponunua chaja ya barabarani. Hakuna Windows yoyote itakayoifungua breki hiyo, wala SSD haitaifungua. Ungeweza kutumia zile 115,000 za kijana ukabaki unashangaa kwa nini bado inajivuta, na mume wako akapata la kusema.

Kulipima hili ni bure. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Nenda kwenye Performance, kisha CPU, uangalie mwendo ulioandikwa kwa GHz wakati unafungua faili kubwa. i5 ya laptopu hiyo ikipewa kazi inapaswa kupita GHz 2. Ukiona imekaa chini ya 1 na haipandi hata kazi ikiwa nzito, breki imeshikwa. Kisha azima chaja halisi ya Dell yenye kichwa kile kile, kwa jioni moja tu. Pale chuoni laptopu za Dell hazikosekani. Maandishi yakitoweka na betri ikaanza kuchaji, umeshapata sehemu ya jibu bila kufungua skrubu hata moja. Yasipotoweka, tatizo laweza kuwa kwenye tundu, na hilo ni kazi ya fundi.

Sisemi chaja ndiyo kila kitu, maana kuna diski na kuna ram, na hivi viwili vinasaidiana kukuumiza. Hadi diski za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ukiiomba faili moja kubwa inaitoa vizuri, lakini Windows haiombi faili moja. Inaomba vipande vidogo elfu vilivyotawanyika, na kwa kila kipande kile kichwa lazima kihame mahali kwenda mahali. Fikiria una msaidizi mmoja unayemtuma stoo, na wateja ishirini wanamwita kwa pamoja, kila mmoja akitaka karatasi moja moja. Hadi diski inaweza kuhudumia maombi ya namna hiyo mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka, inahudumia maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana katika Task Manager unaweza kuona diski imefika asilimia 100 huku inasoma data kidogo mno.

Sasa weka ram ya GB 4 juu ya hapo. Windows 10 peke yake inakaribia kula nusu yake kabla hujafungua kitu. Chrome ikifungua ukurasa wa maombi, barua pepe ya mwanafunzi na vyeti vya PDF, ram imejaa. Ikijaa, Windows inahamishia mzigo wa ziada kwenye diski, ile ile diski iliyolemewa. Hapo ndipo inapoganda na ukurasa unakwisha muda. Mtu akiangalia kwa nje anaona uzee.

Hili linaeleza pia kwa nini ikipigwa Windows inapata nafuu kisha inarudi. Windows mpya haina mizigo. Halafu yanakuja masasisho, programu ya printa, antivirusi, Chrome na vikorombwezo vyake, kila kimoja kikitaka kuwaka pamoja na mashine. Diski na ram havijabadilika. Kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup. Zima pale usivyovihitaji asubuhi. Utapata nafuu ndogo, lakini ni ya bure na unaweza kuifanya leo.

Na kile kitambaa, mwanangu, kiondoe. Matundu ya kuvuta hewa yako chini ya laptopu, na kitambaa kinene kinayaziba. Ikichemka sana, prosesa inajipunguza mwendo ili isiungue, kwa hiyo hiyo ni breki ya pili juu ya ile ya chaja. Steshenari ina vumbi la karatasi kuliko duka la kawaida. Feni ya mashine ya mwaka 2015 ambayo haijawahi kusafishwa huwa imevaa sufu. Atakayeifungua, yeyote yule, asafishe feni na kubadilisha pesti ya joto iliyo juu ya prosesa. Ni kazi ya muda mfupi, kosa ni kuisahau wakati mashine tayari iko wazi.

Turudi kwa lile neno, imezeeka. Kuna mahali ambapo shemeji yako ana hoja. Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi wanaojiandikisha wameongezewa mpaka 13 Oktoba 2026. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yako ni kizazi cha 5. Kwa mtu anayefungua vitambulisho vya watu kila siku, huo ni ukomo wa kweli, na SSD haitauondoa.

Lakini iangalie na hiyo HP kwa jicho hilo hilo. Kizazi cha 6. Iko upande ule ule wa mstari. Na ndani yake kuna hadi diski ya GB 500, ya aina ile ile inayokutesa. Ram GB 8 ni nafuu ya kweli, na pengine inakuja na chaja nzima. Kaa na karatasi ujiulize, zile 500,000 zinakununulia nini ambacho hii yako haiwezi kupewa? Huenda ukapata jibu linalokuridhisha. Ila uliza kabla ya kukopa.

Kuhusu shemeji mwenyewe, sitaki nikusaidie kumshuku, na sitaki pia nikukataze kuona unachokiona. Kuna njia zaidi ya moja ya kuusoma ukimya wake siku ile. Fundi mwenye kibanda anaishi kwa kuuza. Kazi ya kubadilisha diski faida yake ni ndogo, na kwa mke wa kaka yake pengine anaona aibu hata kutaja bei. Hukuniandikia kama ulimlipa zile siku alizopiga Windows. Kama hukumlipa, basi kila unapompelekea mashine hii anakupa siku yake bure, na kukuuzia nyingine inakuwa njia pekee ya yeye kupata chochote bila kukudai. Inawezekana pia anaogopa kufungua mashine ambayo diski yake inagonga, ikafia mikononi mwake, ikawa maneno ya ukoo. Au ni kama unavyohofia. Barua moja haitoshi kumhukumu mtu aliyekuamini wakati hakuna mwingine aliyekuamini, na nadhani hilo ndilo lililokufanya wewe mwenyewe uone vibaya kuandika.

Mume wako naye nimemsikia katika barua yako. Ukiondoa hasira, swali lake ni la maana: ikiharibika, nani atawajibika? Hilo linajibika. Kazi zote zikiwa zimenakiliwa, kinachoweza kuharibika ni chuma, na ungeweza kumwonyesha flashi hizo mbili kabla hamjaanza kubishana.

Ukiamua kumrudia shemeji, usiende na swali la SSD, maana ulishaliuliza na alishalijibu; akibadilisha jibu ataonekana alikosea. Nenda na mlio. "Shem, diski inagonga, naogopa kazi za watu zitapotea. Nataka tubadilishe diski tu, tuweke SSD, na nikulipe kazi yako kama unavyomtoza mteja mwingine." Hapo humwombi akiri kwamba mashine haijazeeka, na umemfungulia mlango wa kupata chake. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kuiweka kibandani siku nyingi katikati ya msimu. Mpatane siku ya kuipeleka na siku ya kuichukua. Jambo jingine la kumwomba ni Windows halali. Laptopu nyingi za ofisi za miaka ile zina leseni iliyofungamanishwa na mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, kubadilisha diski hakuifuti. Programu za kuchakachua leseni kwa kawaida zinakutaka uzime antivirusi kwanza, na kwa duka lenye vyeti vya watu hiyo ni hatari kubwa.

Ukimpa yule kijana, uwezekano wa kufanikiwa upo, kazi yenyewe si ya ajabu. Lakini kujua darasani na kufungua laptopu ya mtu mwingine ni vitu tofauti. Muulize kama ameshawahi kufungua ya aina hii. Achomoe chaja na waya wa betri kabla ya kugusa kingine. SSD inayoingia hapo ni ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA. Ram ni ya aina ya DDR3L. DDR4 haitaingia, hata muuzaji akikuapia. Kabla ya kununua, kwenye Task Manager sehemu ya Memory patakuonyesha kama nafasi moja kati ya mbili iko wazi. Zikiwa zote zimejaa itabidi kutoa mojawapo, na hesabu inabadilika. Sokoni kuna SSD za bandia zinazojitangaza GB nyingi kuliko zilizo nazo, nunua kwa mtu atakayekuandikia risiti na kukubali kuirudisha. Na kazi ifanyike dukani, mbele yako.

Kuna njia moja hukuiandika, lakini nimeihisi katikati ya mistari: kumpa kijana kimya kimya, kisha mume akiuliza useme imepona. Naelewa kwa nini inavutia. Fikiria tu kwamba hata mambo yakienda vizuri utakuwa na siri juu ya kitu kinachokaa mezani kila siku, na shemeji akiifungua siku moja ataikuta SSD asiyoiweka. Pengine ungeweza kumwomba mume aje dukani jioni moja, akae kwenye lile benchi wakati wa foleni, aone inavyoganda mbele ya mtoto wa mtu mwenye fomu. Ameusikia ugomvi wa laptopu. Sina hakika ameiona ikikutesa.

Kununua nako si upumbavu, nisieleweke vibaya. Kama tundu la chaja au mazabodi vitaonekana vina matatizo, kuendelea kuitia hela kunaweza kuwa gharama isiyokwisha. Ukifika huko, mwulize shemeji kama anaweza kukupa mashine ya kizazi cha 8 au zaidi, au angalau HP hiyo hiyo iwe na SSD badala ya hadi diski, na dhamana kwa maandishi, hata kama ni ndugu. Deni ndilo linalonipa wasiwasi. Mkopo wa pili juu ya wa printa unalipwa na msimu mmoja, na msimu huo huo ndio unaolipa kodi ya fremu. Kaa na mweka hazina wa kikoba mpige hesabu ya marejesho kwa miezi ambayo chuo kimefungwa.

Kinachonipa faraja ni kwamba SSD haipotei. Ikiwekwa leo na laptopu ikafa baadaye, unaweza kuihamishia kwenye nyingine yenye nafasi ya SATA. Ram ya DDR3L haina bahati hiyo, mashine mpya zaidi hutumia aina nyingine. Kwa mwenye hela kidogo, mpangilio wa chaja kwanza, kisha SSD, kisha ram ukiona bado inahitajika, unaacha nafasi ya kusimama popote.

Wengine watakuambia uweke Linux Mint badala ya Windows, ni mfumo wa bure na unapata masasisho. Kwa fomu za mtandaoni unatosha. Kwa steshenari kuna kikwazo: ripoti ya mwanafunzi iliyopangwa kwa Word inaweza kuhama mistari ikifunguliwa kwa programu nyingine, na yeye atakuja kudai kurasa zake. Pima kwanza kama printa yako inaukubali mfumo huo.

Kuvumilia mpaka msimu upite kunawezekana, ukiwa umenakili kazi, umepata chaja halisi na umeondoa kitambaa. Ila ujue kwamba bila betri, kila umeme unapokatika unaikata diski ikiwa katikati ya kazi, na diski inayogonga haivumilii hayo kwa muda mrefu. Betri ikirudi kuchaji kwa chaja sahihi, hatari hiyo inapungua sana. Ikikataa, na ukaona imevimba au sehemu ya chini imeinuka, acha kuitumia mara moja.

Njia yoyote utakayoshika, ile hadi diski ya zamani usiiache kwa mtu. Ukibadilisha, iombe mkononi. Ukiuza au kubadilishana laptopu, itoe au ifutwe kikamilifu mbele yako, maana kufuta faili kwa kawaida hakuondoi kilichomo, mtu mwenye ujuzi anakirudisha. Vile vyeti na vitambulisho ni vya watu waliokuamini, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuvitunza ni wajibu wa kisheria pia. Uzuri ni kwamba ombi hili haliwezi kumkera shemeji. Mwambie unalifanya kwa ajili ya wateja.

Azima hiyo chaja, kisha niandikie uliona GHz ngapi kabla na baada, na kama maandishi ya F1 yameondoka. Tukishajua hilo, mazungumzo na mume na shemeji tunaweza kuyapanga vizuri zaidi.